Ijue hali ya usonji: Mtu mzima mwenye usonji katika kazi ya ofisi



Ndugu wasomaji, kila mwaka ifikapo Desemba barabara za kupanda mlimani hujaa magari. Wana na mabinti zetu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurudi Kibosho, Uru, Marangu, Mwika na Rombo kula Sikukuu ya Noeli pamoja na wazazi. Katika familia nyingi yuko mmoja ambaye ndugu humnong'ona. Amesoma vizuri, vyeti vyake ni vizuri kuliko vya wenzake, lakini kazi hazikai. Amekwisha kuachishwa ofisi ya pili au ya tatu. Mbuzi akichinjwa na watu wakiketi kuzungumza, yeye huinuka akaenda kukaa peke yake migombani. Shangazi wakimsalimu, hujibu neno moja tu. Wazee husema, "Huyu ana kiburi." Wengine husema amerogwa, au kuna jambo la ukoo halijatengenezwa.

Yawezekana kijana huyo ana kasoro zake kama binadamu yeyote. Lakini yawezekana pia alizaliwa na hali iitwayo usonji, asiwepo mtu wa kumwambia, na yeye mwenyewe hajui. Tumezoea kusikia usonji ukitajwa kwa watoto. Watoto hao hukua. Mwezi huu tuongee juu ya watu wazima, hasa wale waliosoma wakaajiriwa katika benki, kampuni, viwanda, hospitali na vyama vya ushirika.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita otizimu, ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Huanza utotoni na hudumu maisha yote. Hauambukizi, wala si wendawazimu. Hakuna dawa ya kuuondoa, ila msaada unaofaa hubadili sana maisha ya mwenye nao.

Dalili zake ziko katika mafungu mawili:

1. Mawasiliano na kuishi na watu. Mwenye usonji hupata shida kusoma uso wa mtu, sauti yake, au maana iliyofichwa katika maneno. Huchukua neno kama lilivyosemwa. Huenda hatazami watu machoni, au hajui zamu yake ya kuzungumza ni ipi.

2. Utaratibu na hisi. Hupenda mambo yaende kwa mpango uleule, na badiliko la ghafla humvuruga. Huweza kupenda jambo moja kwa kina sana, kama namba, magari au ramani. Tena masikio, macho, pua au ngozi yake huweza kuhisi kupita kiasi: sauti ambayo wewe huisikii kabisa, yeye humuumiza.

Hali hii haiko sawa kwa wote. Wapo wasiosema hata neno, wanaohitaji kutunzwa siku zote. Wapo wenye shahada za vyuo vikuu, na hawa ndio tunaowazungumzia zaidi leo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Tukichukua makadirio hayo ya dunia na kugawanya, tunapata watu zaidi ya 14,000 katika mkoa wetu peke yake. Walio wengi kati yao hawajawahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wana usonji.

Husababishwa na nini?

Kwa sehemu kubwa usonji hutokana na vinasaba ambavyo mtoto hurithi au vinavyobadilika tangu mimba. Ndiyo maana mara nyingi huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika ukoo, wakati mwingine kwa namna hafifu. Hausababishwi na laana, uchawi, wala malezi ya mama. Zamani baadhi ya wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Maneno hayo yaliwaumiza wazazi wengi, nayo hayakuwa kweli.

Chanjo nazo hazisababishi usonji. Uvumi huo ulipata nguvu kutokana na makala iliyotolewa Uingereza mwaka 1998, ambayo gazeti la kitabibu lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wasione kwamba chanjo ya surua iliongeza usonji. Mzazi, usimnyime mtoto chanjo.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 waliochunguzwa hapa Tanzania. Kati yao 14 walikuwa na usonji. Watatu kati ya hao 14 walikuwa wamekua vizuri mpaka walipopatwa na malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege; dalili zilianza walipopona. Saba hali yao haikuhusiana na malaria. Idadi hiyo ni ndogo, haitoshi kukata shauri, lakini inatosha kutukumbusha wajibu wetu: chandarua, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ileile.

Kwa nini hawakutambuliwa wakiwa wadogo?

Sababu ya kwanza ni kwamba elimu yenyewe ni changa. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya watoto waliosema vizuri na kusoma vizuri, lakini hawakuweza kuchangamana na wenzao. Maandishi hayo ya pili hayakujulikana sana mpaka mwaka 1981, daktari Lorna Wing wa Uingereza alipoyatangaza. Siku hizi hali zote mbili huwekwa chini ya jina moja la usonji. Mwongozo wa WHO unaofanya hivyo ulianza kutumika 1 Januari 2022. Basi mtu aliyezaliwa Rombo mwaka 1980, akasema mapema na kushika namba moja darasani, nani angemfikiria?

Sababu ya pili iko katika malezi yetu. Kwetu mtoto asiyemkodolea mkubwa macho husifiwa kwamba ana heshima. Mtoto mkimya husifiwa kwamba ni mtulivu. Aliyeshika katekisimu yote kwa moyo hupongezwa mbele ya Parokia. Maisha ya kihambani nayo yana utaratibu: asubuhi kufagia uwanja na kuteka maji, halafu shule, jioni kukata majani ya ng'ombe, Jumapili Misa. Mtoto mwenye usonji huweza kustawi katika utaratibu huo bila mtu kugundua kitu. Siku anapoingia ofisini, utaratibu humponyoka. Anayemsaili hutaka atazamwe machoni, na kazi huenda kwa maneno ya nusunusu.

Wasichana hutambuliwa kwa shida zaidi kuliko wavulana. Wengi wao hujifunza mapema kuiga wenzao: namna ya kucheka, kusalimia na kuitikia. Huonekana wako sawa, na kumbe ndani wanachoka.

Karani wa benki aliyekuwa wa kwanza

Mtoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner ya 1943 alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto wagonjwa, na alikaa huko karibu mwaka mmoja. Kisha wakamtoa. Baba yake alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 akieleza tabia za mwanawe.

Baadaye Donald aliishi miaka kadhaa kwa mume na mke wakulima. Watu hao hawakuwa wataalamu, lakini walikuwa na hekima. Donald alipenda mno kuhesabu na kupima vitu. Hawakumpiga aache. Walimpa kisima achimbe na kupima kina chake, na walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Kile kilichoonekana kuwa kichaa kikageuka kuwa kazi.

Donald alimaliza shule, akapata shahada mwaka 1958, akarudi mjini kwao na kufanya kazi ya vitabu vya hesabu katika benki ya mji huo kwa miaka 65. Aliendesha gari na kusafiri nchi nyingi. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba benki ile ilikuwa ya jamaa za mama yake, kwa hiyo mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Lakini hilo ndilo fundisho lenyewe. Usonji wake haukumtoka. Alipewa nafasi, na watu wa mji wakamzoea jinsi alivyo.

Wengi hawapati nafasi hiyo. Taarifa iliyotolewa Uingereza Februari 2024 kwa niaba ya serikali ilisema ni watu wazima 3 tu katika kila 10 wenye usonji waliokuwa na ajira. Hiyo ni nchi yenye hospitali nyingi na wataalamu wengi.

Ofisini anasumbuliwa na nini?

Tuchukue mfano wa kijana mwenye usonji aliyeajiriwa katika ofisi ya hesabu mjini Moshi. Mfano huu tumeutunga, lakini kila jambo lililomo ni la kawaida kwa watu wenye hali hii.

Jumatatu mkuu wake anapita na kumwambia, "Ile ripoti hebu uitazame ukipata nafasi." Kijana ana kazi nyingine tatu na hapati nafasi, kwa hiyo haitazami. Alhamisi mkuu anakuja juu: "Nilikuagiza tangu Jumatatu!" Wenzake wote walielewa kwamba maneno "ukipata nafasi" yakitoka kwa mkubwa ni amri. Yeye alisikia maneno yalivyo.

Saa ya chakula anakuta wenzake wanakula ndizi na nyama. Wanasema, "Karibu!" Anavuta kiti na kula sehemu ya mtu. Kesho yake, kwa kuwa walimcheka, anapita bila hata kusalimu. Sasa wanasema anajisikia.

Katika mkutano mkuu anauliza, "Kuna mwenye maoni?" Kijana anasimama mbele ya wageni na kusema kwamba jumla ya ukurasa wa tatu haiko sahihi. Na kweli haiko sahihi. Juma linalofuata anapokea barua ya onyo la utovu wa nidhamu.

Umeme ukikatika, jenereta huwashwa chini ya dirisha. Feni inalia, taa ya tyubu inamezameza, simu tatu zinaita, na mtu amejipulizia manukato makali. Wenzake wanaendelea na kazi. Yeye kichwa kinamjaa, hawezi hata kujumlisha. Anatoka nje bila kuaga, naye anaandikwa mtoro.

Siku nyingine anakuta meza yake imehamishwa bila taarifa. Mara kuna mchango wa harusi, mara sherehe ya kumuaga mwenzao yenye muziki mkubwa. Asipokwenda, hesabu yake inawekwa pembeni: "Huyu si mwenzetu."

Uchovu wa kujificha

Wengi wenye usonji hujitahidi kufanana na wengine. Hujilazimisha kutazama watu machoni, huhesabu sekunde za kushikana mikono, na hukariri maneno ya maongezi usiku kabla ya kwenda kazini. Kazi hiyo ya pili, isiyolipwa mshahara, humchosha mtu kuliko ile ya kwanza. Akifika nyumbani hana neno lililobaki. Mke hudhani amechukiwa, na watoto hudhani baba amekasirika. Ndoa huingia mgogoro kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua jina.

Uchovu huo ukirundikana miezi na miaka, mtu huweza kuporomoka: hashiki usingizi, anashindwa hata kazi alizozizoea, anakata tamaa. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu wazima wenye usonji hupatwa na sonona, hofu na mawazo ya kujiua zaidi ya watu wengine. Ndugu, hili si la kunyamazia. Ukiona mtu wako amejifungia, ameacha kula, au anasema afadhali asingezaliwa, muulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Analeta nini kazini?

Mwenye usonji aliyewekwa mahali panapomfaa mara nyingi ni mfanyakazi wa thamani. Huona kosa ambalo wengine wamelipita. Hushika utaratibu na hachoki upesi na kazi ya kulinganisha stakabadhi na leja, kupanga faili za masjala au kukagua takwimu. Husema kweli hata inapomgharimu. Mwajiri aliyewahi kuibiwa na karani mchangamfu anajua thamani ya hilo.

Mwaka 2004 baba mmoja wa Denmark, Thorkil Sonne, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha kampuni iitwayo Specialisterne ya kuajiri watu wenye usonji katika kukagua programu za kompyuta. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya Ujerumani, SAP, ilianza mpango wake wa kuwaajiri. Si kompyuta tu. Profesa Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa 1947, alichelewa kusema utotoni kwa sababu ya usonji. Yeye hufikiri kwa picha. Aliingia katika njia za kupitishia ng'ombe, akaona kivuli, mnyororo unaoning'inia na mwanga unaowatisha, akabuni njia zilizotumika katika sehemu nyingi za Marekani ya Kaskazini.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Si kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu, kama vile si kila Mchaga ana duka. Wengi ni watu wa kawaida wenye uwezo wa kawaida. Hawapaswi kuwa mabingwa ndipo tuwape haki yao.

Na tusidhani kosa la mawasiliano ni la upande mmoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walifanya jaribio kama mchezo wa kupokezana habari: mtu wa kwanza anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, mpaka wa nane. Walipokuwa wenye usonji wao kwa wao, habari ilifika vizuri sawa na ilivyofika kwa wasio na usonji. Kwa hiyo wanajua kuwasiliana. Shida hutokea pale watu wa namna mbili wanapokutana, na kila upande hauelewi mwingine. Mzigo wa kuelewana ni wa wote wawili.

Aseme au asiseme?

Swali hili ni gumu. Akimwambia mwajiri, huenda akapata msaada. Huenda pia akawekwa kando na kunyimwa kupandishwa cheo. Hakuna jibu moja kwa wote. Ushauri wetu ni huu: kwanza ajitambue mwenyewe, ikiwezekana kwa msaada wa daktari. Pili, amchague mtu mmoja anayeaminika kazini. Tatu, si lazima aanze na jina la hali yake. Aweza kuanza na haja yake. Kwa mfano: "Mzee, nafanya kazi vizuri zaidi nikipata maagizo kwa maandishi. Naomba uniandikie kazi na siku ya kuikamilisha." Mkuu wengi hukubali, kwani wao pia hunufaika.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Inamtaka pia mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wenye ulemavu hawapungui asilimia 3. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unadai mazingira ya kazi yarekebishwe kwa kiasi kinachowezekana ili mtu aweze kufanya kazi.

Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki aweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Muda ni mfupi: siku 30 tangu kuachishwa. Familia nyingi hupoteza haki hiyo kwa kukaa vikao vya kulaumiana nyumbani mpaka siku zimepita. Tunza barua zote, pamoja na zile za onyo.

Tufanye nini?

Mwajiri na mkuu wa idara:
a) Toa maagizo yaliyo wazi, kwa maandishi, na tarehe ya kumaliza.
b) Katika usaili, mpe kazi kidogo aifanye, badala ya kupima uchangamfu wake.
c) Mweke mbali na jenereta na mlango wa wateja. Mruhusu kuziba masikio anapofanya hesabu.
d) Badiliko lolote mwambie mapema.
e) Akikosea, mwite faraghani umweleze kosa lenyewe bila mafumbo.
f) Usimlazimishe kwenda sherehe, wala usiruhusu afanyiwe mzaha.
Mambo haya karibu yote hayahitaji fedha.

Familia:
a) Acheni kumlinganisha na ndugu zake.
b) Akirudi kazini mpeni muda wa kunyamaza kabla ya kumwuliza habari.
c) Msimpeleke kwa waganga, wala msinunue dawa zinazosemwa zinaondoa usonji. Dawa hiyo haipo.
d) Mke au mume, zungumzeni kwa maneno yaliyo wazi. "Nimechoka, naomba uwaogeshe watoto" ni bora kuliko kununa ukitegemea ataelewa.

Jumuiya Ndogo Ndogo:
a) Asiyeweza kukaa katika kelele za vikao apewe huduma nyingine, kama kutunza daftari la michango. Huenda hesabu zenu zikawa safi kuliko zote Parokiani.
b) Asiyetoa mkono wakati wa kupeana amani asihukumiwe. Ainamishe kichwa, inatosha.

Mwenye usonji mwenyewe: andika mambo yanayokuchosha na yanayokupa nguvu. Jipangie nafasi ya kupumzika kila siku. Tafuta kazi inayofuata mapendeleo yako. Ufundi nao ni kazi ya heshima, na wapo watakaostawi zaidi karakanani kuliko ofisini. Na ujue hukuumbwa kwa makosa.

Pa kwenda kupata msaada

Anza katika zahanati au hospitali iliyo karibu. Hospitali zetu za Kibosho, Kilema na Huruma huko Rombo zaweza kukupa rufaa. Mjini Moshi iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mawenzi, na hospitali ya rufaa ya KCMC, ambayo pia hufundisha wataalamu wa tiba kazi, yaani wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku. Mweleze daktari habari za utoto, si za kazini tu. Ukiweza, nenda na mama au dada mkubwa anayekumbuka ulivyokuwa mdogo. Kwa watoto, kipo hapa Moshi Kituo cha Gabriella, kilichoanzishwa mwaka 2009. Wataalamu wa watu wazima ni wachache, basi uwe na uvumilivu na usikate tamaa kwa safari ya kwanza.

Kazi ni ya binadamu

Tarehe 14 Septemba 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa barua yake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Ndani yake aliweka sehemu nzima juu ya watu wenye ulemavu na kazi. Alifundisha kwamba wao ni binadamu kamili wenye haki zote, na kwamba jamii inayowaruhusu kazini wale tu wasio na upungufu inajivunjia utu wake yenyewe. Novemba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alikutana Vatikano na watu wenye usonji na familia zao, akahimiza watoke katika upweke na kuondolewa aibu.

Ndugu wasomaji, Desemba itafika tena na magari yatapanda mlima. Yule anayekwenda kukaa migombani tusimwite kwa kelele arudi, wala tusimseme. Mmoja wetu amfuate polepole, aketi karibu naye bila maneno mengi. Halafu amwulize swali moja lililo wazi: "Kazini, kitu gani kinakuchosha zaidi?" Kisha asubiri jibu, hata likichelewa. Huenda ni mara ya kwanza kwa mtu huyo kuulizwa hivyo na ndugu yake.